Mwongozo kamili: Jinsi ya kuchagua programu ya kuundia na kujaribu roboti ya biashara

Jumamosi moja kijana wa Sakina alinijia Kijenge na kompyuta yenye programu nne za chati na roboti kumi na moja, yaani programu za kununua na kuuza zenyewe sokoni, alizookota mtandaoni. Nikamuuliza: mfumo wako unanunua lini, na unatoka lini? Akatoa simu, akaanza kupekua kundi la WhatsApp alikousoma. Tukanywa chai huku anapekua. Chai ikaisha.

Machalii wengi ninaowasaidia hapa Arusha, na wachache wanaopanda Coaster kutoka Moshi, wanakwama palepale. Wanachagua programu kwa sababu rafiki anaitumia, kisha wanahangaika kutafuta mfumo wa kuitosha. Ni kununua mfuniko halafu kuzunguka Soko la Kilombero ukitafuta sufuria.

Hapa sifundishi namna ya kupata faida. Nafundisha namna ya kupata programu moja ambayo ikijaribu mfumo wako kwa bei zilizopita, ikakuambia "mfumo wako ulipata" au "ulipoteza", utaweza kuihakiki mwenyewe kwa daftari. Ukimaliza hatua zote utakuwa umetumia kama jioni kumi, ukiacha wiki nne za Hatua ya 9, na hujaweka shilingi yoyote kwa dalali.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la mistari na kalamu. Sitanii, ndicho kifaa kikuu cha kazi hii.
- Kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 4 au zaidi.
- Akaunti ya majaribio, ile ya pesa za bandia, kwa dalali yeyote anayetoa MetaTrader 5, programu ya chati na oda za foreksi (biashara ya fedha za kigeni).
- Akaunti ya bure ya TradingView, tovuti ya chati.
- Programu ya majedwali. LibreOffice Calc ni ya bure na inatosha.
- Bando la kutosha. Kumbukumbu za kila badiliko la bei kwa miaka kadhaa hufika mamia ya megabaiti, kwa hiyo zishushe kwa bando la usiku.

Mwenye simu tupu nampa habari mbaya mapema: MetaTrader ya simu inaonyesha chati na kupokea oda zako za mkono, lakini haiendeshi roboti. Hatua ya 1 na ya 2 utazifanya bila shida. Zinazobaki, azima kompyuta.

## Hatua ya 1: Andika mfumo kwenye karatasi

Ukurasa mmoja unatosha. Andika kana kwamba unamwachia maagizo mdogo wako wa darasa la saba, naye atabonyeza vitufe ukiwa umesafiri. Neno lolote linalomfanya aulize "kwa hiyo hapo nifanyeje?" halijakamilika.

Huu ndio mfano nitakaoutumia hadi mwisho. Ni mfumo wa kawaida kabisa, na siusifii kitu. Nimeuchagua kwa kuwa ni rahisi kuuhesabu:

- Soko: EURUSD (euro dhidi ya dola), mishumaa ya saa moja, yaani kila mshumaa wa chati unaonyesha mwendo wa bei wa saa moja.
- Vipimo: wastani wa kawaida wa bei za kufunga za mishumaa 20, na mwingine wa mishumaa 50.
- Kununua: mshumaa ukishafunga na wastani wa 20 umevuka juu ya ule wa 50, nunua mshumaa unaofuata unapofunguka.
- Kuuza: kinyume chake.
- Kikomo cha hasara (bei ambapo biashara inafungwa yenyewe): pipsi 30. Pipsi moja ni 0.0001 ya bei.
- Kutoka: kikomo kikiguswa, au wastani zikivukana upande wa pili.
- Muda: ingia tu kati ya saa 10:00 na 18:00 za seva ya dalali.
- Kiasi: loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara). Hapo pipsi moja ni senti 10 za dola, na kikomo kizima ni dola 3.

Angalia neno "ukishafunga". Ukiandika "wastani zikivukana" peke yake, programu moja itaingia katikati ya mshumaa na nyingine itasubiri ufunge. Utapata majibu mawili tofauti na utalaumu programu, kumbe maagizo yako yalikuwa na mdomo wazi.

Angalia pia "wastani wa kawaida". Upo mwingine unaozipa bei za karibuni uzito zaidi, na huo huvuka mapema. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana nusu saa kuhusu chati zao, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti pekee.

Umefaulu kama: mtu asiyejua foreksi anausoma ukurasa wako na kukuonyesha kwenye chati mahali pa kuingia, bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Jua soko lako linapatikana wapi

Hatua hii ni fupi lakini inafuta programu nyingi kwa mara moja.

Foreksi. MetaTrader, cTrader na TradingView zote zinafaa kuanzia.

Hisa za Dar es Salaam. CRDB, NMB au Twiga hutazikuta kwenye orodha ya dalali wa kawaida wa foreksi. Usihangaike na roboti. Soko lina siku ambazo baadhi ya hisa hazibadilishi mikono kabisa, na roboti haiwezi kununua kwa mtu asiyeuza. Chukua bei za kila siku zinazotangazwa na DSE, zipange kwenye jedwali, weka ada za kununua na za kuuza, kisha jaribu kanuni zako humo. Oda yenyewe utaipeleka kwa dalali wako au kupitia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya DSE.

Kahawa. Hili huulizwa sana na watu wa Moshi, na naelewa kwa nini. Mtu amekulia kwenye kihamba, mnada uko mjini kwao, anahisi bei ya kahawa ni lugha ya nyumbani. Bei ya arabika inayotazamwa duniani ni ya mikataba ya baadaye ya New York (makubaliano ya kununua au kuuza kwa tarehe ijayo), na mkataba mmoja ni paundi 37,500, yaani karibu tani 17, au magunia 283 ya kilo 60. Bei ikisogea senti moja kwa paundi, mkataba umesogea dola 375. Kwa akaunti ya dola mia mbili hiyo ni kama kufunga ng'ombe kwa uzi wa kushonea.

Kuna mtego mwingine wa kiufundi. Mikataba hiyo huisha, ya Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, na programu huiunganisha kuwa chati moja ndefu. Pale mkataba wa Mei unapopokelewa na wa Julai, bei inaweza kuruka bila mtu yeyote kupata au kupoteza chochote. Roboti inaona mruko huo kama faida. Ukichagua soko la namna hii, programu yako lazima ikuruhusu kuamua jinsi mikataba inavyoungwa. Isipokuruhusu, ifute.

Umefaulu kama: umeandika jina kamili la soko kama linavyosomeka ndani ya programu, na umeona chati yake inarudi nyuma angalau miaka mitatu.

Hapa ndipo akaunti ya bure ya TradingView inapowabana wengi. Inakupa takriban mishumaa 5,000 ya nyuma. Foreksi ina mishumaa ya saa moja kama 120 kwa wiki, kwa hiyo unaona wiki 41 hivi, chini ya mwaka. Ukitumia ya dakika 15 unabaki na wiki kumi na kidogo. Mfumo uliojaribiwa kwa wiki kumi umeona hali moja tu ya soko. Ni kama kuijua Arusha kwa kukaa Julai peke yake, kisha ukaapa kuwa huku watu wanaishi ndani ya makoti.

## Hatua ya 3: Chagua programu mbili, usizidishe

Chagua mbili kwa kuwa unahitaji kulinganisha. Ukizidisha hapo utaishia kujifunza menyu badala ya kujaribu mfumo.

MetaTrader 5 ndiyo ninayowaanzishia watu wengi wa foreksi. Ni ya bure kwa mteja wa dalali, lugha yake ni MQL5, na F4 inafungua sehemu ya kuandikia msimbo. Ctrl+R inafungua dirisha la majaribio. Inaweza kujaribu masoko kadhaa kwa pamoja, na ina namna ya kujaribu inayotumia mabadiliko halisi ya bei yaliyorekodiwa. MetaTrader 4, dada yake mkubwa, bado imejaa mitaani, lakini jaribio lake hutumia spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) moja isiyobadilika, na roboti iliyoandikiwa nne haifanyi kazi kwenye tano. Kama unaanza leo, sioni sababu ya kuanza na nne.

TradingView ni nyepesi na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Lugha yake, Pine, ndiyo rahisi kuliko zote hapa: mfumo wetu wa mfano unatosha kwenye mistari isiyofika ishirini. Udhaifu wake ni kwamba mfumo wa Pine hautumi wenyewe oda kwa dalali. Unatoa taarifa tu, na taarifa hiyo inahitaji kitu kingine cha kuipokea na kuigeuza oda. Kwa kujaribu wazo ni nzuri sana. Kwa kuendesha, kuna daraja la kujenga.

Python ni kwa anayejua kuandika programu au aliye tayari kujifunza kwa miezi. Utaandika mwenyewe kila kitu: spredi, saa, kikomo cha hasara. Uhuru huo ndio hatari yenyewe. Kosa ninalolikuta karibu kila mara ni mtu kukokotoa ishara kwa bei ya kufunga ya mshumaa, halafu kuingia kwa bei ya kufungua ya mshumaa uleule. Amenunua asubuhi kwa habari za jioni. Mstari wa faida unapanda kama mlima Meru, na dawa yake ni neno moja, `shift(1)`, linalosukuma ishara mshumaa mmoja mbele. Ukitaka kuunganisha Python na MetaTrader 5, maktaba ya MetaQuotes, watengenezaji wa MetaTrader, inataka Windows.

Nyingine nazitaja haraka. cTrader inatumia C# na ni safi kwa foreksi, kama dalali wako anayo. NinjaTrader nayo ni C#, na nguvu yake iko kwenye mikataba ya baadaye. AmiBroker ina kasi kubwa kwa wanaochambua hisa nyingi za siku kwa siku. QuantConnect huendesha majaribio kwenye kompyuta zao, jambo linalomsaidia mwenye mashine dhaifu, lakini utaandika Python au C#.

Kwa mfumo wetu wa mfano nachukua MetaTrader 5 na TradingView. Chati fupi ya TradingView ya bure inatosha kwa kulinganisha.

Onyo: usinunue roboti katika hatua hii. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua moja kwa muuzaji wa mtandaoni. Nikapewa faili la `.ex4` peke yake, lililofungwa, bila msimbo. Ilipata faida siku kumi na tisa mfululizo. Kumbe kila ikipoteza ilikuwa inaongeza kiasi maradufu: 0.01, 0.02, 0.04, 0.08. Hasara nane mfululizo zinakufikisha kwenye jumla ya loti 2.55, na ya tisa inataka loti 2.56 peke yake. Siku ya ishirini iliunguza akaunti kabla sijamaliza mtori.

## Hatua ya 4: Hesabu biashara 20 kwa mkono

Kama utaruka hatua zote, usiruke hii. Ndiyo inayochukua jioni tatu au nne, na ndiyo wanayoikimbia wote wanaorudi kwangu.

1. Fungua chati ya EURUSD ya saa moja kwenye MetaTrader 5, weka wastani zako mbili, uzime kusogea kwa chati kwenyewe.
2. Rudi nyuma miezi mitatu. Kitufe cha F12 kinasogeza chati mshumaa mmoja mmoja, kwa hiyo huoni yajayo. Usidanganye kwa kuchungulia.
3. Kwenye daftari chora safu sita: tarehe na saa ya seva, kununua au kuuza, bei ya kuingia, bei ya kutoka, pipsi, sababu ya kutoka.
4. Fuata maagizo ya ukurasa wako neno kwa neno hadi ufikishe biashara 20.
5. Sasa andika mfumo huohuo kwenye programu zote mbili, uujaribu kwa tarehe zilezile, kisha toa orodha ya biashara kutoka kila programu.
6. Weka orodha tatu pembeni kwa pembeni kwenye jedwali: daftari, MetaTrader, TradingView.

Hazitalingana zote. Hiyo ni kawaida, na hapo ndipo elimu ilipo. Chukua kila isiyolingana uitafutie sababu. Ninazozikuta mara nyingi ni hizi.

Bei ya kuingia inatofautiana kidogo kwenye kununua tu. Chati ya MetaTrader huchorwa kwa bei ya kuuzia, ile ya chini. Wewe ukinunua unalipa bei ya juu. Kama mshumaa ulifunguka 1.08500 na spredi ni pipsi 1.2, jaribio litaonyesha umeingia 1.08512. Programu iko sahihi, daftari lako ndilo lilisahau spredi.

Kikomo cha hasara kimeguswa na kwenye chati hakikuguswa. Ni jambo lilelile upande wa pili. Ukiwa umeuza, unatoka kwa kununua, na kununua ni kwa bei ya juu ambayo chati haikuonyeshi. Watu hupiga kelele kwamba dalali amewawinda. Mara nyingine ni spredi tu, hasa usiku wa manane inapopanuka.

Biashara ipo kwa moja, haipo kwa nyingine. Linganisha mshumaa wenyewe. Madalali wawili hawana bei zilezile hadi tarakimu ya mwisho, na wastani zinapokaribiana sana tofauti ndogo inatosha kuvusha moja na kuzuia nyingine. Biashara moja au mbili za namna hii katika 20 zinavumilika.

Kuna biashara nyingi kuliko ulizohesabu. Roboti inaingia katikati ya mshumaa, inatolewa, inaingia tena. Rudi kwenye neno "ukishafunga".

Jaribio lina ushindi wa ajabu. Hapo shuku msimbo unaochungulia kesho. Kwenye Pine hutokea mtu anapoomba data ya siku nzima akiwa kwenye chati ya saa moja, na kuiruhusu itazame mbele. Mshumaa wa saa nne asubuhi unakuwa tayari unajua bei ya kufunga ya usiku. Dalili yake ni ishara zinazohama mahali ukifungua upya ukurasa.

Umefaulu kama: unaweza kuweka kidole kwenye kila mstari usiolingana na kusema kwa nini. Kulingana kwenyewe si lazima kufike 20 kwa 20. Programu ambayo imeshindwa kukuonyesha sababu, hata iwe nzuri machoni namna gani, imeshindwa mtihani.

## Hatua ya 5: Lipisha gharama

TradingView kwa chaguo-msingi inajaribu bila kamisheni na bila kuteleza kwa bei (kupata bei tofauti kidogo na uliyoitaka), mpaka uziandike mwenyewe kwenye mipangilio. Python nayo haitakukumbusha kitu. MetaTrader 5, ukichagua mabadiliko halisi ya bei, inakuja na spredi zake za wakati ule, ila kamisheni ihakikishe.

Fanya hesabu hii kwa kalamu. Jaribio linasema biashara 300, wastani wa faida pipsi 1.5 kwa kila moja. Jumla ni pipsi 450, unajiona tajiri. Toa spredi ya pipsi 1.2 kwa biashara 300: 360 zimeondoka. Toa kuteleza kwa pipsi 0.4, yaani 120 nyingine. Umebaki na hasara ya 30, kabla hujagusa riba ya kulala na biashara, ambayo madalali wengi huitoza mara tatu usiku wa Jumatano ili kufidia wikendi.

Kwa hiyo programu unayoichagua lazima ikuruhusu kuweka vitu vitatu tofauti: spredi, kamisheni na kuteleza. Ikikosa kimoja, utakuwa unakitoa kwa mkono kila siku, na siku moja utasahau.

Wanaosisitiza kubaki na MetaTrader 4 wasijaribu mfumo Jumamosi wakiwa wameacha spredi "ya sasa". Soko limefungwa, spredi ya mwisho ya Ijumaa usiku huwa imepanuka, na mfumo mzuri utaonekana taka.

Umefaulu kama: umeujaribu mfumo mara mbili, kwa gharama za kawaida na kwa gharama maradufu, na unajua faida inafia wapi.

## Hatua ya 6: Pima saa

Hii imeniumiza mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Tanzania haibadilishi saa. London na New York zinabadilisha. Madalali wengi huweka seva zao saa mbili mbele ya GMT wakati wa baridi na saa tatu mbele wakati wa kiangazi, ili siku ifunge saa 11 jioni ya New York. Maana yake, kiangazi cha huko seva na saa ya ukutani kwangu Kijenge ni kitu kimoja. Baridi ikiingia, seva inabaki nyuma yetu kwa saa moja.

Soko la London linapofunguka saa 2 asubuhi yao, kwetu ni saa 4 asubuhi kiangazi na saa 5 asubuhi baridi. Kwenye seva ya aina hiyo ni 10:00 karibu mwaka mzima, ukiacha wiki chache za Machi na Oktoba ambapo Marekani na Ulaya hazibadilishi siku moja.

Roboti yangu ilikuwa inasoma saa kwa `TimeLocal`, yaani saa ya kompyuta. Majaribio yalikuwa safi. Agosti na Septemba ilikwenda vizuri. Novemba ikaanza kuingia sokoni saa nzima kabla London haijafunguka, kwenye bei zilizolala, na kila siku ikitolewa kwa kikomo cha hasara. Nililaumu mkakati wiki mbili nzima. Sababu ilikuwa hii: ndani ya dirisha la majaribio la MetaTrader 5, `TimeLocal` inarudisha saa ya seva. Nje ya majaribio inarudisha saa ya kompyuta. Msimbo mmoja, tabia mbili.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kwenye kila programu. Chukua biashara moja ya Julai na moja ya Januari kutoka kwenye orodha, uzitafute kwenye chati. Je, zote ziliingia saa ileile ya soko la London? Kwenye MQL5 tumia `TimeCurrent`. Kwenye TradingView andika wazi saa za eneo gani unazitaka, usiache chati ichague.

Umefaulu kama: karatasi yako ina mstari unaosema saa zote ni za nani.

## Hatua ya 7: Umeme, na nani anakesha

Roboti ya MetaTrader hufanya kazi kompyuta ikiwa imewashwa na mtandao upo. Umeme ukikatika Moshono saa tisa alasiri wakati New York inaamka, biashara zilizofunguliwa zinabaki bila dereva. Kikomo cha hasara kilichokwisha kutumwa kwa dalali kitafanya kazi. Kile ambacho roboti ilikuwa inakiweka kichwani kwake, imezimika nacho. Hakikisha programu inatuma kikomo pamoja na oda.

Suluhisho la kawaida ni seva ya kukodi. Piga hesabu kabla ya kulipa: kama kodi ni dola 15 kwa mwezi na akaunti ni dola 100, mfumo wako unatakiwa upate asilimia 15 kila mwezi ili tu usirudi nyuma. Kwa akaunti ndogo, chagua mfumo wa mishumaa ya siku. Unaangalia mara moja kwa siku, unaweka oda kwa mkono, na umeme unaweza kukatika upendavyo.

Umefaulu kama: umechomoa mtandao makusudi katikati ya biashara ya majaribio, na kikomo chako bado kinaonekana ukiingia kwa simu.

## Hatua ya 8: Tafuta mlango wa kutokea

Quantopian ya Marekani, jukwaa la mtandaoni la kuandikia na kujaribu mifumo, ilikuwa na watumiaji wengi waliojenga mifumo yao humo ndani. Mwaka 2020 ikafunga. Septemba 2022 Apple iliondoa MetaTrader kwenye duka lake la programu, ikairudisha Machi 2023. Huna usemi kwenye maamuzi hayo, ila unaweza kujiandaa.

Uliza maswali matatu. Orodha ya biashara inatoka kama faili la jedwali? Msimbo wangu ninao, `.mq5` inayosomeka na sio `.ex5` iliyofungwa peke yake? Naweza kuleta data zangu kutoka nje? Dukascopy, benki ya Uswisi, kwa mfano, inatoa bure kumbukumbu za bei za foreksi, na programu inayokubali kuzisoma inakupa shahidi wa pili dhidi ya data za dalali. Ukurasa wako wa Hatua ya 1 nao upige picha. Ndio pekee unaohamia programu yoyote bila kutafsiriwa.

## Hatua ya 9: Wiki nne za pesa za bandia

Kufikia hapa moja kati ya programu mbili imeshakushinda au umeshaishinda. Chukua iliyobaki, endesha mfumo kwenye akaunti ya majaribio wiki nne. Kila Ijumaa jioni endesha jaribio kwa wiki iliyoisha, ulinganishe na kilichotokea kweli. Hapa hutafuti faida. Unatafuta kama jaribio na uhalisia vinasema kitu kimoja. Vikitengana, rudi Hatua ya 4 na biashara za wiki hiyo.

Ukishawishika kuweka pesa halisi baada ya hapo, jambo hilo lina hesabu yake. ESMA, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ilipobana mikataba ya CFD (ya kubashiri mwendo wa bei bila kumiliki kitu chenyewe) mwaka 2018 ilieleza kuwa akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wadogo hupoteza pesa. Dalali akikuambia ana leseni, muulize ya nani, kisha ukalitafute jina lake wewe mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka hiyo, kwa hapa nyumbani CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana), bila kubonyeza kiungo alichokutumia yeye. Ada ya shule ya mtoto haiingii humu, wala mkopo wa kikoba.

## Ukikwama na unataka nikuangalizie

Njoo na vitu vitatu: ukurasa wa Hatua ya 1, daftari la biashara 20, na faili la orodha ya biashara kutoka kwenye programu. Kwa vitu hivyo kosa hupatikana mara nyingi ndani ya saa moja. Picha ya skrini yenye mstari wa faida unaopanda, iache nyumbani. Yule kijana wa Sakina amesharudi, safari hii na daftari. Kumi na saba zimelingana. Tumebakiza tatu, na moja nina hakika ni spredi.